Mfarishi wa Fumbo

Wanafunzi wangu, ninyi mnajua sana kutegeana vitendawili jioni, mkiwa mmeketi karibu na moto. Mmoja husema, "Kitendawili!" na wenziwe humjibu, "Tega!" Basi kila mtu hufikiri, na wakishindwa wote humpa mtegaji mji, ndipo afumbue. Leo nataka kuwasimulia habari ya kitendawili kilichotegwa kwa sindano na uzi, wala si kwa maneno. Mimi nalikuwa mmoja wao waliotegewa. Kilikaa miezi sita kabla ya kufumbuliwa, na siku kilipofumbuliwa naliona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Mimi nalizaliwa upande wa Heru Juu, karibu na Kasulu, nami nimefundisha shule huko Kibondo kwa miaka mingi. Nchi yetu ya Buha ni nchi ya vilima. Mvua zikiisha kukatika, katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya usiku huwa kali, na asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa katika kibuyu. Mtu asiye na kitu cha kujifunika huijua baridi hiyo vizuri. Kwa sababu hiyo watu wa huku hupenda sana mfarishi. Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu: juu ni viraka vilivyoungwa pamoja, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni bitana. Tabaka hizo hushonwa pamoja, ili zisiteleze wala kujikunja.

Mwanzo wa mwezi wa Januari, mwaka mmoja ambao mvua zilikuwa nyingi, nalipata barua kutoka Kasulu. Aliyeiandika ni mama mmoja mzee, aliyekuwa amewafundisha wasichana ushoni kwa muda mrefu, na watu wote walimwita Bibi Fundi. Maneno yake yalikuwa haya:

"Mwalimu, salamu nyingi. Nakusanya watu 24 ili tushone mfarishi mmoja: 12 wa huku Kasulu, na 12 wa huko Kibondo. Mfarishi huu ni fumbo. Sura yake naijua mimi peke yangu, na karatasi yake nimeifungia sandukuni. Kila mwezi nitampelekea kila mtu bahasha yenye neno moja la kufanya. Ulifanye hilo, usiulize la mbele, wala usimwonyeshe mwenzio kazi yako. Mwezi wa Juni, shule zitakapofungwa, tutakutana Kasulu tuiunganishe kazi yote. Je, utaingia?"

Nalikubali upesi, kwa sababu Bibi Fundi alikuwa rafiki wa marehemu mama yangu, naye ndiye aliyenifundisha kutia kiraka katika suruali yangu ya shule nilipokuwa mtoto. Wavulana wa darasa langu waliposikia, walicheka wakasema, "Mwalimu, kushona ni kazi ya wanawake." Nikawaambia, "Nendeni sokoni mkatazame barazani. Wanaoketi mbele ya cherehani ni akina nani?" Wakanyamaza, maana mafundi walio wengi huko ni wanaume.

Lakini neno moja lilinisumbua, nikamwandikia Bibi Fundi kumwuliza: Kwa nini sura ya mfarishi ifichwe? Akanijibu hivi: "Mwalimu, nikiwaonyesha sura yote, kila mtu atautamani mraba wa katikati, penye macho ya watu. Naye atakayepewa wa pembeni atasema, Huu nani atautazama? naye ataushona ovyo. Bali mtu asiyejua mahali pake hushona kana kwamba yu katikati." Nalisoma maneno hayo nikayasifu sana, hata nikayaandika ubaoni wanafunzi wayanakili. Kumbe kuyanakili ni kazi moja, na kuyashika ni kazi nyingine.

Bahasha ya kwanza ililetwa na kondakta wa basi, nje imetapakaa matope ya njiani. Ndani yake mliandikwa: "Kata miraba miwili ya nguo nyekundu, kila upande sentimita 6. Iwe nguo uipendayo, ambayo wataka ibaki watu waikumbuke. Kabla ya kukata, uifue na kuianika. Kisha uisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikitoka na wekundu, ifue tena na tena mpaka maji yawe safi. Mwisho uandike katika karatasi ndogo mahali ilikotoka nguo hiyo, uikaze karatasi kwa pini nyuma ya mraba."

Nalikuwa na nguo ya namna hiyo. Mama yangu alipofariki aliniachia kanga moja nyekundu, nami naliikunja nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu. Usiku ule naliitoa, nikaitandaza mezani, nikashika mkasi. Moyo wangu ukakataa. Nikajisemea, "Je, niikate kanga ya mama kwa ajili ya kitu ambacho sikijui hata sura yake? Yamkini vipande vyangu vitatiwa pembeni. Yamkini havitaonekana kabisa." Nikaikunja tena, nikaifungia sandukuni.

Siku ya mnada nalikwenda nikanunua kitambaa chekundu cha bei rahisi, chenye kunuka rangi bado. Sikukifua. Nalikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha, nikasema, "Nyekundu ni nyekundu." Nikakata miraba yangu miwili. Ilipofika zamu ya karatasi, nalikaa kitambo na kalamu mkononi. Kuandika "nimeinunua mnadani" naliona aibu, maana walio wengine bila shaka wangeandika mambo ya maana. Basi nikaandika, "Nguo hii ni ya marehemu mama yangu." Neno hilo liliandikwa na mkono huu huu uandikao ubaoni kila asubuhi, nao ni mkono wa mtu aliyewaadhibu watoto kwa kusema uwongo.

Bahasha ya pili ilikuja mwezi wa Februari. Ilituagiza kukata kanda za upana wa sentimita 4, kwa kuufuata uzi wa nguo ili zisivutike: kanda 6 za rangi nyeupe au nyeupenyeupe, na kanda 6 za rangi nyeusi au ya giza, kwa kila mraba. Kwa kuwa wengine walikuwa wamenung'unika ya kwamba viraka ni kazi ya maskini, Bibi Fundi alituandikia pia habari za watu wengine waliounga vipande vya nguo.

Alitukumbusha ya kuwa wazee wetu wa Buha walivaa magome ya miti, yaliyopondwa kwa nyundo za mti hata yakawa laini. Huko Uganda kazi hiyo inafanywa hata leo, na mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kuwa ni urithi wa watu wote wa dunia. Penye tundu katika gome, fundi hutia kiraka akakishona vizuri.

Akatuandikia habari za Unguja. Husimuliwa ya kwamba katika karne ya 19 wanawake wa huko walinunua leso zilizoletwa kwa meli, ambazo zilikuwa hazijakatwa mojamoja. Wakazikata tatu tatu, wakaunga vipande viwili pamoja, ikawa nguo moja ya leso sita. Hivyo ndivyo ilivyoanza kanga, na hata leo watu wa Mombasa huiita leso.

Tena, katika Bara Hindi, jimbo la Karnataka, wako watu waitwao Wasiddi, ambao asili yao ni Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu. Huanza pembeni wakazunguka kuingia ndani, mpaka wafike katikati, na penye pembe hutia viraka vidogo viitwavyo maua. Na huko Marekani, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wajukuu wa watumwa walishona mifarishi kwa nguo zilizochakaa shambani, ili wafukuze baridi. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika nyumba kubwa za sanaa za Houston na New York, na watu wengi wakaenda kuistaajabia. "Basi," akamaliza Bibi Fundi, "mtu asiyadharau matambara."

Bahasha ya tatu, ya mwezi wa Machi, ilitufundisha kushona. Mraba mwekundu uwekwe katikati. Ushonwe ukanda mweupe upande mmoja, na mweupe wa pili upande wa jirani yake. Kisha ukanda mweusi, na mweusi wa pili. Hivyo kazi imezunguka mara moja, kama mtu azungukavyo nyumba. Izunguke mara tatu. Kila mshono uwe nusu sentimita kutoka ukingoni, wala usizidi wala usipungue. Kazi ikiisha, mraba mzima uwe na sentimita 24 kila upande.

Mraba wangu wa kwanza ulipokwisha, nikaupima. Sentimita 21 na milimita 6! Nikashangaa, kwa maana mishono yangu ilionekana mizuri. Nikatwaa rula nikaona ya kuwa kila mshono nalikuwa nimeutia milimita 7 badala ya 5. Haya, wanafunzi, tufanye hesabu. Milimita 2 zimezidi upande huu wa mshono, na 2 upande huu. Jumla 4 kwa kila mshono. Ukipima kutoka ukingo hata ukingo, iko mishono 6. Basi 4 mara 6 ni 24, na hizo ndizo sentimita 2 na milimita 4 zilizopotea. Kosa ambalo jicho halikuliona mara moja, lilionekana lilipokusanyika.

Nalifumua mraba wote, nikashona upya kwa taa usiku tatu, na subana kidoleni. Ulipotimia sentimita 24 kamili nalijivuna sana. Naliwaonyesha wanafunzi wangu mishono yangu, nikawaambia, "Tazameni, hii ndiyo kazi ya uaminifu." Lakini katikati ya kazi ile ya uaminifu kulikuwa na kitambaa cha mnadani, na nyuma yake karatasi ya uwongo. Naliyapima yote ila lile lisilopimwa kwa rula.

Bahasha ya nne, ya mwezi wa Aprili, ilikuwa na neno moja tu: "Ngojeni." Na kungoja kulikuwa kugumu kuliko kushona. Wenzangu wa Kibondo walikisia kila mahali walipokutana, kisimani na barabarani. Mmoja alisema itakuwa nyota. Mwingine alisema ni ua. Mimi, kwa kujiona nina akili, nalichora michoro mingi, nikakata shauri ya kuwa ni ngazi.

Mwezi wa Juni tukapanda basi alfajiri, tukashuka Kasulu tumejaa vumbi. Tulikutana katika ukumbi wa misioni. Bibi Fundi alitupokea kwa kupiga makofi polepole na kuuliza habari za nyumbani, moja moja, kama ilivyo desturi ya Waha, wala hakutuacha tuanze kazi mpaka tumekwisha kula. Kisha akasema, "Kila mtu alete miraba yake, na karatasi zake zisomwe."

Ilikuwapo miraba 48. Karatasi zikasomwa moja moja. Mmoja alileta nguo ya shati la mumewe aliyesafiri asirudi. Mwingine alikata sketi yake ya shule. Kulikuwa na mjane mmoja mzee kutoka kijiji cha karibu na Kasulu, mwembamba, mwenye kusema kwa sauti ndogo. Karatasi yake aliandikiwa na mjukuu wa jirani, nayo ilisema: "Hii ni mbeleko. Nalimbeba mwanangu mmoja tu. Hayupo tena." Watu wakakaa kimya.

Karatasi iliyofuata ilikuwa yangu. Ilipokwisha kusomwa, yule mjane akainua uso akanitazama, akasema, "Mwanangu, mama yako nalimjua. Tulilima pamoja. Umefanya vema kumleta hapa kati yetu." Nikainama. Hapo ndipo palipokuwa pangu pa kusema, nami sikusema. Mtu akiacha mlango wa kwanza upite, wa pili huwa mwembamba zaidi.

Ndipo Bibi Fundi akafungua sanduku, akatoa ile karatasi, akaanza kuipanga miraba sakafuni: safu 8, na kila safu miraba 6. Aliuweka mmoja hivi, akaugeuza wa pili hivi. Kwanza hatukuona kitu. Safu ya tatu ilipokwisha, mama mmoja akapaza sauti, "Matuta! Ni matuta!" Kweli, ile mishazari nyeupe na myeusi ilipita toka pembe hata pembe, kama matuta ya maharage katika kilima kilicholimwa vizuri. Na ile miraba myekundu ilikaa mpakani mwa tuta na tuta, kama mioto ya nyumba mbalimbali uionapo usiku katika mlima wa ng'ambo. Bibi Fundi akatuambia ya kwamba mtindo huu wa kuzungusha kanda ulienea sana Marekani tangu miaka ya 1860. Watu wa huko huuita nyumba ya magogo, na ule mraba mwekundu ni meko yake. Na kuipanga miraba kwa mshazari namna hii huita mfuo wa jembe. "Lakini mimi," akasema, "nilipouona nalisema, Hii ni Buha."

Naliitafuta miraba yangu. Mmoja ulikuwa pembeni kabisa. Wa pili, wanafunzi wangu, ulikuwa katikati ya mfarishi wote; na uliopakana nao upande wa kuume ulikuwa ule wa mbeleko.

Tulishona siku mbili, wengine kwa mkono na wengine kwa cherehani, hata miraba yote ikaungana. Vipande vyake vilikuwa 624, maana kila mraba una vipande 13, na 13 mara 48 ni hesabu hiyo. Kabla ya kutia blanketi na bitana, Bibi Fundi akaamuru nguo ifuliwe, ili chaki na vumbi vitoke. Wakaitia katika karai kubwa, wakaigeuza, wakaiinua. Maji yalikuwa mekundu.

Katikati ya ule mfarishi palikuwa na doa lililotambaa kama damu. Kanda nyeupe za mraba wangu zilikuwa zimegeuka rangi, na wekundu ulikuwa umevuka mpaka ukaingia katika kanda nyeupe za yule mjane. Pembeni nako palikuwa na doa la pili. Hakuna mtu aliyenena. Kila mwanamke pale alijua jambo moja: kanga iliyovaliwa na kufuliwa miaka mingi haina rangi ya kutoka tena. Nguo mpya ndiyo inayochuja. Karatasi yangu ilikuwa imesomwa mbele ya watu siku mbili tu zilizopita, na sasa karai la maji lilikuwa limeijibu.

Bibi Fundi hakunitazama. Alisema tu, "Leteni maji baridi upesi, isikauke," wakaanza kuiosha. Naliweza kunyamaza, yamkini wangalinisitiri. Lakini nalimwona yule mjane ameinama juu ya karai, anausugua ukanda wake kwa vidole taratibu, wala halalamiki. Nikasimama nikasema, "Mama zangu, niwieni radhi. Nguo ile si ya mama yangu. Naliinunua mnadani, wala sikuifua. Kanga ya mama iko sandukuni kwangu, nami nalishindwa kuikata. Nalidhani vipande vyangu vitakuwa pembeni."

Watu walikaa kimya kitambo. Kisha yule mjane akasema, "Hata mimi nalishika mkasi usiku tatu." Hakuongeza neno. Naye Bibi Fundi akaniambia, "Mwalimu, basi la Kibondo laondoka alfajiri."

Nalirudi Kibondo siku ya pili yake. Mke wangu alipoyasikia yote hakunilaumu. Alisema tu, "Mama hakuwa akiiweka sandukuni. Alikuwa akiivaa." Tukafungua sanduku. Nilipoikunjua kanga, naliona ya kuwa mende wamekwisha kuikata penye mikunjo. Iko mistari ya matundu toka juu hata chini. Kile nilichokihifadhi nisikigawe kilikuwa kinaliwa gizani. Nikakata miraba miwili penye uzima. Nikaisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na kitambaa kikabaki cheupe. Kipande kikubwa kilichosalia mke wangu alikishona pindo, akampa binti yetu akivae.

Nikarudi Kasulu. Wenzangu walikuwa wameosha nguo katika maji mara nyingi, na doa lilikuwa limepungua sana. Miraba yangu naliifumua yote miwili tangu ukingoni hata mwanzo, kwa maana huwezi kubadili kilichoko katikati pasipo kufumua vyote vilivyokizunguka. Nikashona kanda mpya, milimita 5 kwa kila mshono, watu wakinitazama. Nikaandika karatasi nyingine: "Hii ni kanga ya mama yangu. Nalichelewa kuileta."

Katika mraba wa mbeleko, ukanda mmoja haukurudia weupe wake. Ulibaki wa rangi ya waridi. Nalitaka kuubadili kwa nguo yangu mwenyewe, lakini mjane alikataa. Akasema, "Uache. Sasa mwanangu na mama yako wamekwisha kujuana."

Bahasha ya mwisho ilifunguliwa mfarishi ulipokwisha kabisa. Ilisema mfarishi upelekwe katika zahanati moja ya vijijini, uwekwe katika chumba cha akina mama wanaojifungua, kwa ajili ya yule atakayekuja kutoka mbali bila ya kitu cha kumfunika mtoto. Hatukuambiwa jina lake, wala yeye hataambiwa majina yetu. Hata mwisho, basi, hatukujua ni nani tuliyemshonea. Lakini nadhani nimefahamu kwa nini Bibi Fundi alipanga hivyo. Mshonaji asiyejua mahali pake, akamshonea mtu asiyemjua, hana sababu ya kutia kilicho duni isipokuwa uvivu wake mwenyewe na uchoyo wake.

Wahenga walisema, "Rahisi huvunja upishi." Mimi nimejifunza ya kwamba huvunja na ushoni pia. Nawaandikia haya ninyi mnaosoma, si kwa sababu mimi ni mtu mwema, bali kwa sababu nalikosa mambo ambayo mimi mwenyewe nawafundisha. Katika shule, na kijijini, na nyumbani kwenu, kila siku mtapewa mraba mmoja mdogo wa kushona: kufagia, kuchota maji, kujibu swali, kumchunga ndugu mdogo. Hamtaonyeshwa mfarishi mzima. Mtadhani mraba wenu ni wa pembeni. Mimi pia nalidhani hivyo, na ulikuwa katikati.

Hata leo ninapopita Kasulu huingia kumsalimu Bibi Fundi. Humwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye hunijibu, "Marahaba, Mwalimu," kisha huniuliza swali lake lile lile moja, huku akicheka: "Umefua kwanza?"